Kutizama mafaili ya bainari kwa less: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yameulizwa na vijana wanaojifunza Linux hapa Chake Chake, na mengine yamevuka bahari kutoka Unguja. Wengi wao kompyuta wanaijua kwa kubofya. Wakishaingia kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, mafaili ya maandishi hayawasumbui. Taabu inaanza siku wanapofungua picha, sauti au programu kwa `less`, wakaona alama wasizozielewa, wakadhani faili limeharibika au kompyuta imeingia virusi. Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Soma swali lako, na usione tabu kusoma la jirani.

less ni kitu gani, na kwa nini nisitumie cat?

`less` ni programu ya kusomea faili ukurasa kwa ukurasa ndani ya terminali. Iliandikwa na Mark Nudelman katika miaka ya 1983 hadi 1985, ikifuata nyayo za `more`, ambayo Daniel Halbert aliiandika mwaka 1978 akiwa Berkeley, Marekani. `more` ya zamani ilikuwa inakwenda mbele tu; `less` inakwenda mbele na kurudi nyuma, inatafuta maneno, na haihitaji kulisoma faili zima kabla ya kukuonesha mwanzo wake. Ndiyo maana faili kubwa la kumbukumbu za seva linafunguka papo hapo.

`cat` inamimina kila kitu kwenye skrini kama kilivyo. Kwa faili fupi la maandishi haina neno. Kwa faili la bainari ni hatari kwa terminali yako, na sababu nimeieleza mbele.

Bainari maana yake nini? Si kila faili ni baiti?

Kweli, kila faili ni baiti, na kila baiti ni namba kati ya 0 na 255. Faili la maandishi ni lile ambalo namba zake zimekusudiwa kusomwa kama herufi: 67 ni C, 104 ni h, 97 ni a. Faili la bainari namba zake zimekusudiwa kitu chengine, rangi za picha, mawimbi ya sauti, au maagizo ya kichakataji cha kompyuta. Ukilazimisha zisomwe kama herufi, zitatoka herufi zisizo na maana. Faili lenyewe halina kosa. Kosa liko kwenye namna ya kulisoma.

less inaniuliza "may be a binary file. See it anyway?" Nijibu nini?

Ujumbe huo unasema kwamba faili linaonekana kuwa la bainari, na unataka kujua kama bado unapenda kulitizama. Ukibonyeza `y` linafunguka. Ukibonyeza kitufe chengine chochote, `less` inaliacha.

Unaweza kujibu `y` bila ya hofu. `less` ni ya kusomea, haiandiki ndani ya faili. Lakini kabla ya kujibu, jiulize ulitarajia nini. Kama ulitarajia maandishi, mathali orodha ya majina ya wanafunzi, basi onyo hilo ni habari muhimu: ama faili si lile unalolidhania, ama herufi zake zimehifadhiwa kwa mpangilio mwengine, yaani namna nyengine ya kugeuza herufi kuwa namba. Kama ulijua tangu mwanzo kuwa ni picha, `less` peke yake haitakufaa sana. Toka, utumie mojawapo ya zana zilizoelezwa huku chini.

Ujue pia kuwa `less` inakisia kwa kusoma kipande cha mwanzo cha faili tu. Faili lililoanza kwa maandishi kisha likafuatiwa na mambo mengine linaweza kupita bila ya swali. Na maandishi halali kabisa ya Kiarabu yanaweza kuzuiwa mlangoni kwa sababu ya mipangilio ya lugha ya kompyuta yako.

Ukichoka kuulizwa, andika `less -f jina-la-faili`.

Alama kama ^@, ESC na <89> ni nini?

Hizi ni heshima ambayo `less` inakufanyia. Badala ya kuipelekea terminali baiti isiyochapika, inakuandikia jina lake.

`^@` ni baiti sifuri. `^A` ni baiti ya 1, `^B` ya 2, na kuendelea. Chukua namba ya herufi kwenye jedwali la ASCII, toa 64, umepata baiti yenyewe. `ESC` ni baiti ya 27, ambayo terminali huifahamu kama mwanzo wa amri ya rangi au ya kusogeza kielekezi. `<89>` ni baiti isiyofaa kuwa herufi katika mpangilio unaotumika, nayo imeandikwa kwa heksadesimali, yaani hesabu ya msingi wa 16. Kwa kawaida alama hizi hutokea kwa rangi iliyogeuzwa, ili usizichanganye na mtu aliyeandika `<89>` kwa mkono wake.

Kama rangi hiyo inakuumiza macho, unaweza kuibadilisha kwa kuweka `LESSBINFMT`, mpangilio ambao `less` inausoma inapoanza. Thamani yake ya asili ni `*s<%02X>`. Ukiweka `*n<%02X>`, baiti hizo zitaandikwa kwa rangi ya kawaida. Mimi naiacha kama ilivyo, maana kuiona tofauti hiyo ndiyo faida yake.

Nilitumia cat kwenye picha, sasa herufi zote zimegeuka mistari na kompyuta inalia. Nimeiharibu?

Hujaiharibu. Ndani ya picha zimo baiti za kila namna, na terminali inazitii bila ya kuuliza. Baiti ya 7 inaiambia ilie. Baiti ya 14 inaiambia ibadilishe seti ya herufi, na hapo ndipo herufi zako za kawaida zinapogeuka mistari na pembe. Terminali imefuata amri ilizopewa na picha, basi.

Andika:

`reset`

kisha Enter, hata kama huoni unachokiandika. Subiri kidogo, skrini itarudi. Ikiwa Enter haifanyi kazi, bonyeza Ctrl+J, andika `reset`, halafu Ctrl+J tena. Amri ya `stty sane` nayo husaidia pale kibodi inapokuwa haioneshi unachoandika. Hakuna haja ya kuzima kompyuta.

Nitajuaje hili ni faili la nini?

Hili ndilo swali la kwanza kuulizwa mbele ya kila faili usilolijua. Andika:

`file jina-la-faili`

Amri hiyo haitazami mkia wa jina, kama `.jpg`. Inasoma baiti zenyewe, hasa za mwanzo, na kuzilinganisha na alama zinazojulikana. Karibu kila aina ya faili ina saini yake:

PNG huanza kwa `89 50 4E 47`, na baiti tatu za mwisho kati ya hizo ni herufi PNG. JPEG huanza kwa `FF D8 FF`. PDF huanza kwa maandishi ya wazi `%PDF-`. Programu za Linux huanza kwa baiti `7F` ikifuatiwa na herufi ELF. Programu za Windows huanza kwa `MZ`, herufi za jina la Mark Zbikowski aliyekuwa mhandisi wa Microsoft. Faili la ZIP huanza kwa `PK`, za Phil Katz aliyelibuni. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp wenye mkia wa `.opus` huanza kwa `OggS`.

Hiyo `PK` utakutana nayo kila pahala, kwani `.docx`, `.xlsx` na hata `.apk` za simu ni mafaili ya ZIP yaliyovaa majina mengine. Mfano ninaokutana nao sana ni huu: mtu wa ushirika wa karafuu analeta orodha ya mizani kwenye flashi, jina lake `mizani.csv`, na `less` inalikataa. Ukilazimisha unaona `PK` mwanzoni. Basi ni faili la Excel ambalo mtu amelibadilisha jina akidhani kwamba kubadilisha jina ni kubadilisha faili. Dawa ni kulirudishia mkia wa `.xlsx`, kulifungua kwa LibreOffice, na kulihifadhi upya kuwa CSV.

Na huu ni wa kuchukuliwa kwa uzito: ikiwa kwenye flashi iliyotoka kuchapisha picha dukani Darajani kuna "picha" ambayo baiti zake za mwanzo ni `MZ`, hiyo si picha. Ni programu ya Windows iliyojificha kwa jina la picha. Usiibofye kwenye mashine ya Windows. Ifute, na umwambie mwenye duka, maana kila mteja anayechomeka flashi yake pale anaondoka nayo.

Nataka kuziona baiti zenyewe kwa utaratibu. Nifanye nini?

Hapa `less` inakuwa nzuri kweli, ila mpe kwanza mtu wa kumtayarishia:

`xxd picha.jpg | less`

`xxd` inapanga baiti 16 kwa kila mstari. Kushoto ni mahali ulipo ndani ya faili, katikati ni baiti kwa heksadesimali, kulia ni herufi pale inapowezekana, na nukta pale isipowezekana. Faili dogo lenye maneno Chake Chake na mwisho wa mstari linatoka hivi:

`00000000: 4368 616b 6520 4368 616b 650a  Chake Chake.`

Angalia: `43` ni C, `68` ni h, `20` ni nafasi, na `0a` ya mwisho ni kushuka mstari, ambayo kulia imeandikwa kwa nukta. Kaa na mstari huu mmoja mpaka uuelewe. Anayeuelewa huu anaweza kusoma faili lolote, kwa sababu yote yamepangwa namna hii hii.

`hexdump -C` inafanya kazi ileile kwa sura tofauti kidogo, na ina tabia moja ya kuikumbuka: mistari inayofanana inaifupisha kwa nyota moja. Ukitaka yote, ongeza `-v`. Kama kompyuta haina `xxd` wala `hexdump`, tumia `od`, ambayo ni ya tangu Unix ya mwanzo na haikosekani:

`od -A x -t x1z picha.jpg | less`

Kwa faili kubwa usichukue yote. `xxd -l 256 faili` inatoa baiti 256 za mwanzo, na `xxd -s 4096 -l 256 faili` inaanzia baiti ya 4096. Kufungua video nzima kwa `less` moja kwa moja ni kujitesa, kwa sababu ndani yake hakuna mistari ya kawaida na programu inabaki kutafuta mwisho wa mstari usiokuwepo.

Ndani ya less natembeaje?

Nafasi kwenda mbele, `b` kurudi nyuma, `g` mwanzo, `G` mwisho, `q` kutoka. `/` kisha neno kutafuta, `n` kwa linalofuata, `N` kwa lililopita. `=` inakuonesha uko baiti ya ngapi. `50p` inakupeleka katikati ya faili. Ukiandika `-S` ukiwa ndani, mistari mirefu haitakunjwa, na hiyo inafaa sana kwa mafaili ya bainari. `h` ni msaada. Tena `man less` imo ndani ya kompyuta yako, haihitaji bando.

Nataka maneno tu yaliyomo ndani ya faili la bainari.

`strings -n 8 programu | less`

Amri hii inatoa vipande vya herufi zinazosomeka vyenye urefu wa angalau herufi nane. Bila ya `-n` huchukua kuanzia nne, na utapata takataka nyingi. Kwa programu za Windows jaribu pia `strings -e l`, kwani maneno mengi humo yamehifadhiwa kwa baiti mbili mbili.

Usitegemee maneno kwenye kila faili. Lililobanwa au lililofungwa kwa siri halitoi kitu. Nakala za akiba za WhatsApp zenye mkia wa `.crypt15` ni mfano: `file` itasema `data` tu, `strings` itatoa vipande visivyo na maana, na ndivyo inavyotakiwa iwe. Wanaokuja kuuliza namna ya kuzisoma za watu wengine, jibu langu ni hapana.

Faili langu ni maandishi ya Kiswahili matupu. Mbona less inaonesha <E2><80><99> kwenye ng'ombe?

Swali zuri, na linawapata walimu wengi wanaotayarisha mitihani ya skuli. Herufi zote za Kiswahili cha kawaida zimo ndani ya ASCII, kwa hiyo Kiswahili hakina shida popote. Kinacholeta shida ni ile alama ya juu ya ng'. Ukiandika kwenye Word, programu inaibadilisha kuwa alama iliyopinda, nayo kwa UTF-8, mpangilio wa herufi unaotumika sana siku hizi, ni baiti tatu: `E2 80 99`. Ikiwa terminali yako haijui kuwa inasoma UTF-8, unaona `ng<E2><80><99>ombe`. Ikiwa faili lilihifadhiwa kwa mpangilio wa zamani wa Windows utaona `ng<92>ombe`.

Hizo mbili dawa zao ni mbali mbali. Kwa ya kwanza faili ni zima, kirekebishwe kisomaji:

`LESSCHARSET=utf-8 less mtihani.txt`

na ili usirudie kila siku, hakikisha `LANG`, mpangilio wa lugha wa kompyuta yako, inaishia na UTF-8. Kwa ya pili geuza maandishi yenyewe:

`iconv -f WINDOWS-1252 -t UTF-8 mtihani.txt | less`

Tofauti hiyo ya `<E2><80><99>` na `<92>` ndiyo inayokwambia ushike njia ipi.

Na maandishi ya Kiarabu?

Hapa Zanzibar hili si jambo la pembeni. Nyumba ya Nyaraka iliyopo Kilimani ina hazina kubwa ya maandishi kwa khati za Kiarabu, na wapo wanafunzi na masheikh wa vyuo vya Qur-ani wanaochapa orodha za vitabu kwenye kompyuta kuukuu. Mafaili yao ya zamani mara nyingi yako kwenye mpangilio wa Windows-1256, si UTF-8.

Chukua neno salamu lililoandikwa kwa herufi nne: sin, lam, alif, mim. Kwa Windows-1256 ni baiti nne: `D3 E1 C7 E3`. Kwa UTF-8 ni baiti nane: `D8 B3 D9 84 D8 A7 D9 85`. Kwa hivyo ukipiga `xxd` ukaona `D8` na `D9` zinajirudia kila baada ya baiti moja, faili ni UTF-8 na tatizo liko kwenye mipangilio yako. Ukiona `C7` na `E1` nyingi zikifuatana bila ya `D8`, hiyo ni alif na lam ya Windows-1256, ile "al" inayoanza maneno mengi ya Kiarabu. Geuza:

`iconv -f WINDOWS-1256 -t UTF-8 vitabu.txt > vitabu-utf8.txt`

Andika kwenye faili jipya, lile la asili liache lilivyo. Ikiwa umekosea kukisia mpangilio, utalihitaji tena.

Jambo moja la kuvumilia: terminali nyingi hazipangi maandishi kutoka kulia kwenda kushoto. Herufi zitakuwa sahihi lakini mwelekeo umegeuka, na pengine haziungani. Hilo ni la terminali, si la faili. Lifungue kwenye kihariri cha kawaida ulione limekaa sawa kabla hujaanza kumsumbua aliyelichapa.

Nimeona <FF><FE> mwanzoni, kisha kila herufi inafuatiwa na ^@.

Hiyo ni UTF-16, herufi moja kwa baiti mbili. Inatoka sana kwenye PowerShell 5.1 ya Windows mtu anapotumia `>` kuhifadhi matokeo. Maandishi yote yamo.

`iconv -f UTF-16 -t UTF-8 ripoti.txt | less`

Umeme ulikatika nikiwa nahifadhi. Sasa faili lina ukubwa uleule lakini limejaa ^@.

Pole sana. Watu wa Unguja wanaokumbuka kiza cha mwezi mzima cha 2008, na kile kilichoanza Disemba 2009 mpaka 2010, hawahitaji kuelezwa umeme unavyoweza kuondoka. Lakini hata kukatika kwa nukta chache kunatosha. Kompyuta ilishatenga nafasi ya faili kwenye diski, ila data yenyewe ilikuwa bado iko kwenye kumbukumbu ya muda.

Hakikisha kwanza:

`hexdump -C faili | less`

Ukiona mstari mmoja wa sifuri, nyota, na mwisho wa faili, basi ndani ni sifuri tupu na hakuna programu itakayotoa maneno humo. Usipoteze siku nzima. Tafuta nakala nyengine: kwenye barua pepe uliyomtumia mtu, kwenye flashi, kwenye faili la muda ambalo kihariri chako kiliacha. LibreOffice na Vim zote zina utaratibu wa kurudisha kazi iliyokatika.

Ikiwa sifuri zinaanzia katikati, sehemu ya juu bado ni mali yako. Kwa maandishi, `tr -d '\000' < faili > faili-safi` inaondoa sifuri na kubakisha yaliyopona.

Kwa picha za JPEG kuna kipimo kimoja chepesi. Picha nzima huisha kwa `FF D9`:

`tail -c 2 picha.jpg | xxd`

Ukipata `ffd9`, mwisho wake upo. Usipopata, yawezekana kunakili kulikatika njiani, ingawa baadhi ya simu huongeza habari zao baada ya mwisho wa picha. Kwa kadi ya kamera iliyokataa kabisa, hasa yenye picha za harusi ambazo hazirudiwi, acha kuitumia saa hiyo hiyo na ujaribu PhotoRec. Inapekua kadi nzima ikitafuta zile saini za mwanzo nilizozitaja, hata kama orodha ya mafaili imepotea. Picha zilizookolewa ziandike kwenye diski nyengine, kamwe si kwenye kadi ileile.

grep inasema "binary file matches" na hainioneshi mstari.

`grep`, amri ya kutafuta neno ndani ya faili, imekuta baiti sifuri au herufi isiyofaa, ikalihesabu faili kuwa la bainari. Kama unajua kuwa ni maandishi, `grep -a neno faili | less`. Usiitumie `-a` bila ya `less`, vyenginevyo utarudi kule kwenye terminali inayolia.

less inanionesha orodha ya yaliyomo ndani ya ZIP badala ya baiti. Kwa nini?

Kwenye Ubuntu kuna msaidizi aitwaye `lesspipe`, anayewashwa kupitia `LESSOPEN`. Ukifungua ZIP anaorodhesha yaliyomo, ukifungua `.gz` anakupa maandishi yaliyofunguliwa, ukifungua PDF anatoa maneno yake ikiwa umeweka poppler-utils. Kwenye Debian mstari wake umo ndani ya `.bashrc` lakini umezimwa. Toa alama ya `#` uuwashe. Ukitaka faili kama lilivyo, `less -L faili`.

Msaidizi huyu ana upande wa kuangaliwa. Mwaka 2024 iligunduliwa kasoro ya usalama, yenye namba CVE-2024-32487, katika `less` hadi toleo la 653: faili lenye jina lililotungwa kwa hila, likiwa na alama ya kushuka mstari ndani ya jina, liliweza kuendesha amri kwenye kompyuta pale `LESSOPEN` ilipokuwa imewashwa. Tizama toleo lako kwa `less --version` na usasishe unapopata mtandao. Hili linahusu zaidi mafaili yaliyotoka ndani ya ZIP ya mtu usiyemjua.

Na -r na -R?

`-R` inaruhusu rangi zipite, na ni salama kwa kazi za kila siku kama kusoma matokeo ya `git`. `-r` inaruhusu baiti za kuamrisha terminali zipite zote. Kwenye faili la bainari usiiweke kabisa. Unakuwa umerudi kwa `cat`.

Kumbukumbu za /var/log nyengine hazisomeki.

`wtmp` ni bainari, isome kwa `last | less`. Za systemd, programu inayosimamia huduma za Linux, ni bainari pia, tumia `journalctl`, nayo inakufungulia `less` yenyewe. Zinazoishia na `.gz` zisome kwa `zless`.

Jee, kuna njia yoyote ya kuliharibu faili nikiwa nalitizama?

Kulitizama, hapana. Lakini njia mbili ziko karibu sana na mkono. Ukibonyeza `v` ndani ya `less`, unafunguliwa kihariri. Ukihifadhi humo faili la bainari, kihariri kinaweza kuongeza au kubadilisha baiti, na programu au picha isifunguke tena. Toka bila ya kuhifadhi.

Ya pili ni alama ya `>`. Ukiandika `xxd picha.jpg > picha.jpg`, faili linafutwa kabla `xxd` haijaanza kulisoma. Matokeo yaandikie jina jipya daima.

Sina kompyuta, nina simu tu. Naweza kujifunza haya?

Unaweza, na usimsikilize anayekwambia usubiri mpaka upate laptopu. Weka Termux, programu inayokupa terminali, kwenye simu ya Android, kisha:

`pkg install less file`

`od` inakuja na Termux yenyewe. Andika `termux-setup-storage`, ukubali ruhusa, na picha zako utazikuta ndani ya `~/storage/dcim`. Chagua picha moja uliyoipiga mwenyewe, andika `od -A x -t x1z` na jina lake, uipitishe kwenye `less`. Ikiwa ni JPEG, baiti za kwanza zitakuwa `ff d8 ff`. Shuka kidogo na mara nyingi utakuta, upande wa kulia, jina la kampuni iliyotengeneza simu yako na tarehe uliyopiga picha, vimeandikwa wazi wazi katikati ya baiti. Ukishaviona hivyo, fikiri pia kabla ya kumtumia mtu picha kama faili kamili: pale simu inaporuhusiwa kurekodi mahali, na mahali ulipopiga pamo humo.